Umerithi kihamba kimechoka? Anza na maji, miche ije baadae

Kila Desemba naona kitu kilekile huku juu Kilimanjaro. Magari yanapanda kutoka Dar, nyumba zinapigwa rangi, mbuzi anachinjwa, alafu siku mbili baada ya Krismasi mtu anasimama nyuma ya nyumba ya marehemu baba yake, anaangalia kihamba, anasema mwaka huu lazima nifanye kitu. Na kitu chenyewe mara nyingi ni kumwita mtu wa msumeno wa mashine aangushe miti yote ili jua liingie, kung'oa kahawa ya mzee, na kuagiza miche mia mbili ya parachichi. Masika ikija udongo wote unateremka mtoni na hela imeenda nao. Naandika kwa ajili ya huyo mtu, maana kihamba kinafufuka, cha kwetu hapa Old Moshi nimekiona kikifufuka kwa macho yangu, ila kina mpangilio wake. Maji kwanza, udongo, miti, migomba, alafu kahawa mwisho kabisa. Wengi tunaanzia mwisho.

Kwa asiye mwenyeji, kihamba ndio shamba la nyumbani la Wachaga: juu miti mikubwa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi na maharage na mboga, na pembeni banda la ng'ombe anayelishwa hapohapo. Maji yanakuja kwa mfongo, yaani mfereji uliochimbwa kwa mkono unaochukua maji mtoni huko juu na kuyazungusha ubavuni mwa mlima mpaka kwako. Kahawa ni mgeni, wamisionari waliipanda Kilema mwaka 1898, migomba na mifongo ilikuwepo zamani sana kabla yao. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, waliingiza vihamba vya Shimbwe Juu, kule Uru, kwenye mifumo ya urithi wa kilimo duniani. Walichokiona ni watu wengi wanaokaa kwenye mteremko mkali, vizazi na vizazi, na udongo bado upo.

Sasa kazi. Jambo la kwanza ni kutokata chochote mpaka umeona mvua moja. Najua una likizo ya siku kumi na unataka kuondoka umeona mabadiliko, lakini kama huwezi kusubiri masika basi rudi mwezi wa nne hata kwa wikiendi moja. Vaa mabuti, shika jembe, na toka mvua ikiwa inanyesha, sio ikishakatika. Fuata maji. Angalia yanaingilia wapi, utashangaa mara nyingi hayatoki shambani kwako, yanatoka barabarani, au kwa jirani wa juu, au kwenye bati lako mwenyewe. Bati la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 10 tu linamwaga lita 1,000, na kama hakuna gata hizo lita zote zinaangukia mstari mmoja nyuma ya nyumba na kuanza kuchimba. Kinga maji kwenye kiganja uyaangalie. Yakiwa meupe yanapita tu, yakiwa mekundu kama chai ya maziwa hapo unaangalia samadi ya baba yako ya miaka arobaini inaondoka. Kila sehemu yalipobadilika rangi chomeka mti mdogo uwe alama, ndio utafanyia kazi.

Gata na tangi weka mapema ukiweza. Kama hela haitoshi chimba shimo la kupokea maji ya bati, lijaze mawe, yatoke hapo taratibu kuelekea kwenye migomba.

Baada ya hapo ni kontua, yaani mstari unaokata mteremko ukiwa usawa mmoja, na hapa ndio watu wengi wanakosea maana wanapima kwa macho. Macho yanadanganya sana mlimani, mstari unaouona umenyooka kumbe unashuka nusu mita, na mtaro unaoshuka haukingi maji, unayakimbiza. Tengeneza fremu ya A, haina gharama. Chukua fito mbili za mita mbili hivi, zifunge pamoja kwa juu, zitanue chini, funga fito ya tatu katikati ikae kama ule mstari wa herufi A. Pale juu ning'iniza kamba yenye jiwe, jiwe lining'inie chini kidogo ya ile fito ya kati. Kabla ya kuitumia lazima uipime yenyewe: isimamishe, weka alama ardhini miguu ilipokanyaga, tia alama kwenye fito ya kati pale kamba ilipogusa. Alafu igeuze, mguu wa kulia uende ulipokuwa wa kushoto na wa kushoto uende wa kulia, tia alama ya pili. Katikati ya hizo alama mbili ndio usawa wako, ikate kwa kisu isifutike. Sasa anza ukingoni mwa shamba, mguu mmoja ubaki, mwingine uutembeze juu chini mpaka kamba ikae kwenye ile alama, chomeka kijiti, songa mbele. Mtoto wa darasa la sita anaweza, mimi nilifanya na watoto wa dada yangu na walimaliza kipande chote asubuhi moja.

Kwenye mstari wa vijiti unachimba mtaro na udongo unautupa upande wa juu, ndio hiyo fanya juu watu wanayoisema. Sentimita 60 upana na 60 kwenda chini inatosha sehemu iliyo wazi. Juu ya tuta panda majani ya Guatemala au mabingobingo, yanashika udongo na ng'ombe anakula. Ila ukiwa katikati ya kahawa na migomba ya zamani usichimbe kina hicho, utakata mizizi yote, hapo weka mstari wa majani tu pamoja na magogo ya migomba yaliyolazwa kwa kufuata kontua. Na sehemu kali sana, zile za kushukia korongoni kwa kushika miti, usichimbe mtaro wa kutuamisha maji hata siku moja. Udongo ukilowa sana unaondoka mzima mzima na nyumba iliyopo chini. Mwaka 2009 kule Goha, milima ya Pare wilayani Same, mlima uliporomoka usiku wa mvua na watu walikufa. Sehemu kama hiyo ni ya miti na majani basi.

Kuhusu mfongo. Siku niliporudi nyumbani nilikuta mfongo wetu mkavu, kwa ujinga wa mjini nikapiga mahesabu ya pampu na bomba la plastiki kutoka mtoni. Baba mdogo akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja, "Mwanangu, umeshaupanda mfongo mpaka kichwani?" Kichwani ni pale unapochukua maji mtoni, sikuwa nimewahi kufika. Tukaupanda kesho yake, saa mbili na nusu za kutembea, na tukahesabu sehemu kumi na moja maji yanapovujia. Mahali pamoja kaa walikuwa wametoboa ukingo na maji yote yanamwagika korongoni, kelele yake unaisikia kabla hujafika, na chini yake migomba ya mtu imestawi kweli wakati sisi huku hatuna hata ya kunawa. Kwahiyo kabla hujanunua kitu chochote panda mfongo wako mpaka kichwani. Matundu mengi yanazibwa kwa mawe, udongo wa mfinyanzi na majani ya migomba yaliyokanyagwa vizuri. Simenti iweke pale tu panapobomoka kila mwaka, usiusakafie wote, kwa sababu yale maji kidogo yanayolowanisha kingo ndio yanayoikuza mikuyu na mimea yote inayoshika mfereji usianguke.

Ila mfongo una wenyewe. Kuna mwenyekiti, kuna zamu, kuna msaragambo yaani kazi ya pamoja, na aliyetega kazi za kusafisha zamu yake inarukwa. Ukiwa unaishi mbali na hujawahi kushika jembe kwenye msaragambo, usije na hela ukategemea kufunguliwa maji, haipokelewi vizuri na ni haki yao. Nenda kasalimie, uliza unadaiwa nini, lipa, na tuma kibarua kila wanapoitana. Alafu ulizia kama kikundi kina kibali cha matumizi ya maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ofisi zao zipo hapa Moshi. Watu wanachukia kusikia habari ya kibali cha maji ya babu zao, nawaelewa, lakini haya maji tukiyaachia yanaendelea mpaka mashamba ya miwa Arusha Chini, bwawa la Nyumba ya Mungu, mitambo ya umeme ya Hale, na huko kote kuna watu wana vibali mkononi. Siku ya mgogoro mwenye karatasi ndio anasikilizwa. Kama usiku maji yanapita bure, kaeni mchimbe bwawa dogo la kulaza maji, Wapare wanaita ndiva, yanajaa usiku na mnafungua asubuhi.

Na hapa niseme kitu kuhusu barafu, maana kila mtu anaiongelea. Ni kweli inaisha, toka mwaka 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kilimanjaro imeshapotea, inauma kukiangalia kilele cha Kibo asubuhi ukikumbuka kilivyokuwa utotoni. Lakini maji ya mifongo yetu kwa sehemu kubwa hayatoki kwenye barafu, yanatoka msituni. Ule mkanda wa msitu upande wetu wa kusini unapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na juu zaidi miti na ndevu zake inakamua ukungu hata siku isiyo na mvua. Ndio maana moto wa Oktoba 2020 kule mlimani ulitutisha kuliko watalii. Mtu anayewasha moto kurina asali au kuchoma mkaa huko juu anazima mfongo wa huku chini, na kijiji kinatakiwa kumchukulia hivyo.

Twende kwenye miti. Ukishaona mvua na ukishajua maji yanapita wapi, ndio uangalie mti gani ubaki. Mruka uache, kivuli chake ni chepesi na unarutubisha udongo. Mringaringa uache kabisa, unadondosha majani mengi yanayooza haraka, nyuki wanapenda maua yake, na mbao zake zitakuja kusomesha mtu. Msesewe uache, wanaopika mbege wanajua kwanini. Kama giza limezidi usiangushe mti, panda uukate matawi ya chini na ya katikati, jua liingie kwa madoamadoa, ukisimama kwenye kahawa mchana uone mwanga na kivuli vinachezacheza chini. Grevilea ni nzuri mpakani kwa kuni na mbao, ila usijaze shamba zima. Mkaratusi ulio karibu na chemchemi au mfongo huo ndio wa kuondoa, unakunywa mno, na ukiukata kisiki kinachipua tena kwahiyo endelea kuvunja machipukizi mpaka kichoke. Badala yake panda mkuyu. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inasema mita 60 kutoka kingo za mto zisiwe na shughuli za kudumu, na kwa mteremko wetu hiyo ni akili ya kawaida hata bila sheria. Kabla hujakata mti wowote, hata uliopanda mwenyewe, pita kwa mtendaji wa kijiji uulize kibali, huku wanafuatilia kweli.

Masale, ile mimea ya majani marefu iliyopandwa mpakani, usiyaguse. Hata kama huyaoni yana kazi, ndio mpaka wako huo, na kuna makaburi ndani.

Parachichi sina ugomvi nayo. Hass inalipa. Lakini weka chache, nne au sita pembezoni au palipo na uwazi, usifyeke kihamba kizima kwa zao moja linalohitaji maji mengi wakati mfongo wenyewe haujapona. Bei ikianguka hutakula parachichi asubuhi mchana jioni, mgomba utakula.

Mgomba ndio unaorudisha uhai haraka. Kwenye shina la zamani utakuta vichipukizi kumi na tano vinagombania chakula, ndio maana mikungu imekuwa midogo. Acha watatu: mama mwenye mkungu, mtoto, na mjukuu, wote wengine ng'oa na jembe. Mtoto na mjukuu wachague upande mmoja, wa juu ya mteremko, shina lisije kutembea na kuning'inia. Visiki vilivyooza vichimbue vitoke, humo ndimo wanamozaliana fukusi, wadudu wanaotoboa mgomba. Kutega fukusi ni rahisi: pasua gogo bichi la mgomba katikati, kata vipande vya futi moja, vilaze sehemu iliyopasuliwa ikitazama chini karibu na shina, asubuhi inua. Utawakuta weusi wadogo wamejikunja wanajifanya wamekufa, okota uwaue, rudia kila baada ya siku chache. Ukipanda maotea mapya yamenye mizizi yote na ganda la nje mpaka uone nyeupe tupu, ukiona njia nyeusi ndani achana nalo. Na usibebe maotea kutoka mikoa ya mbali hata kama ni zawadi, Kagera wamehangaika na ugonjwa wa mnyauko miaka mingi, usituletee huku. Mchare wa jirani yako unaokuzalia mtori mzuri unatosha. Shimo la futi tatu, samadi iliyooza madebe mawili, udongo wa juu urudi kwanza. Majani makavu usichome, yatandaze.

Kahawa sasa. Usiing'oe ya mzee kabla hujaijaribu. Mkahawa wa miaka hamsini mizizi yake iko mbali sana chini, ukiukata kisiki unaamka. Kata sentimita 30 hadi 45 kutoka ardhini, mkato wa kulalia upande ili maji yasituame, acha shina moja lililosimama livutie pumzi mpaka machipukizi yawe na nguvu. Baada ya hapo chagua mawili au matatu yenye afya, yaliyoachana, mengine toa. Fanya theluthi ya shamba mwaka huu, theluthi mwakani, usikate yote utakosa hata ya kunywa. Miaka miwili hivi unaanza kuchuma. Mashina yaliyotobolewa na bungua, mdudu wa shina, mpaka unga unamwagika chini, hayo ndio ya kung'oa, na hapo ndio unaziba na miche mipya. Nenda TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Lyamungo kwa miche inayostahimili chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani, hutapiga dawa kila mara. Mimi mwaka wa kwanza nilinunua miche 60 barabarani kwa mtu aliyeniapia ni ya kisasa, nikaipanda Januari kwenye jua, mfongo mkavu. Mwezi wa tatu ilikuwa imebaki tisa na hiyo tisa ikaja kuugua chulebuni. Shimo la kahawa lichimbe miezi miwili au mitatu kabla, sentimita 60 kila upande, lijazwe samadi na udongo likae lipoe, alafu panda masika ikishashika.

Ng'ombe hata mmoja ni lazima, bila samadi haya yote yanakwama. Ukiwa na wawili wa ndani fikiria bayogesi, CAMARTEC, kituo cha teknolojia ya kilimo na vijijini cha Arusha, wana miaka mingi kwenye hiyo kazi, ulizia fundi aliyefunzwa usimpe fundi wa nyumba tu, tanki likivuja gesi umepoteza kila kitu. Debe la kinyesi kwa debe la maji, kila siku, na mama anapika bila kwenda kutafuta kuni. Tope linalotoka lielekeze kwenye migomba kwa mtaro mdogo, kwetu mgomba uliopo mdomoni mwa huo mtaro ulitoa mkungu ambao vijana wawili waliubeba kwa mti.

La mwisho ni nani atakaa nacho wewe ukirudi mjini, maana vihamba vingi vinakufa hapa. Usimwachie mtu kwa "utaniangalizia". Kaeni chini na baba mdogo au shangazi awepo shahidi, andikeni: mwangalizi anachukua mikungu mingapi kwa mwezi, maziwa ya asubuhi au ya jioni, majani ya kwenye matuta ni ya ng'ombe wa hapa au anaweza kupeleka kwake, nani anaenda msaragambo na nani anamlipa. Mwambie akutumie picha za simu kila Jumapili za sehemu tatu zilezile: mdomo wa mfongo unapoingia shambani, tuta la chini kabisa, na ule mgomba wa karibu na banda. Mvua kubwa ikinyesha apige video ya maji yanayotoka mpakani mwa chini. Yakiwa bado mekundu, rudini kwenye kontua kabla hujatuma hela ya miche.